Kifafa kikigoma kuachia: kwa nini dakika 5 ndo mstari wenyewe

Mtu akianguka kifafa mbele za watu kila mmoja anajipatia kazi. Mmoja anashika miguu, mwingine anatafuta kijiko, wa tatu anamwagia maji, wa nne anafukuza watu wasogee, na humo humo yupo mmoja anarekodi na simu. Asiyekuwepo ni wa kuangalia saa. Na saa ndo inayoamua kama hapo mnasubiri tu lipite au tayari mna dharura ya kukimbizia hospitali.

Mi mwenyewe nilishakuwa mshika miguu. Ndugu yangu alianguka, tukahangaika naye, na baadae kila mtu akawa anasimulia kivyake, huyu anasema zilikuwa dakika kumi, yule anaapa ni robo saa. Kumbe kuna mtu alirekodi. Tulivyokuja kuangalia ile video, tangu anakakamaa mpaka mwili unalegea ni dakika 1 na sekunde 50. Hofu inavuta muda kama mpira bana. Kwaiyo humu nikisema dakika 5 namaanisha dakika 5 za saa, sio za moyo unavyodunda.

Tuwekane sawa kwenye majina kwanza. Watu wengi wanasema degedege kwa mtoto na kifafa kwa mtu mzima, ila ule mtikisiko wa mwili ni kitu kile kile: seli nyingi za ubongo zinafyatua umeme kwa pamoja bila mpangilio. Mi nitasema degedege kwa wote. Kifafa ni ugonjwa, yaani ile tabia ya ubongo kurudia rudia hayo madegedege bila kuchokozwa na kitu kama homa au sukari kushuka.

Degedege la kawaida, lile kubwa la mwili mzima, mtu anapoteza fahamu, anakakamaa, alafu mikono na miguu inaanza kurusha, mara nyingi linajimaliza lenyewe ndani ya dakika 1 mpaka 3. Linatisha kuliangalia, ila ubongo una njia zake za kujizima na hapo hauhitaji sindano wala nini. Dharura inaanza pale hizo njia zinapogoma. Madaktari wanaiita stetasi epileptikasi, na inakuja kwa sura mbili. Kuna degedege moja linaloenda tu haliishi, na kuna madegedege mafupi mafupi yanayofuatana, hili linaisha, mtu kabla hajarudiwa na fahamu zake linaanza jingine. Hiyo ya pili ndo inadanganya watu sana, maana ukilipima kila moja peke yake ni dakika moja tu, familia inapumua "limeisha, limeisha", kumbe halijaisha, limemeza mate tu.

Wala sio kitu kipya. Mwaka 1824 daktari Mfaransa anaitwa Louis-Florentin Calmeil aliandika kwenye tasnifu yake kuhusu wagonjwa wanaopata mashambulizi 40 mpaka 60 mfululizo bila kukatika, na akasema wagonjwa wenyewe, wakiongea wao kwa wao, walikuwa na jina lake kabisa. Yaani waliolala pale wodini walijua kwamba hili ni jingine, sio lile la kila siku.

Sasa mkanganyiko uko hapa. Ukishika kitabu cha zamani utaambiwa hali hii ni degedege la dakika 30. Ukishika kipya utaambiwa dakika 5. Mtu anasoma vyote viwili anachoka, anaona madaktari nao hawajui wanachotaka. Ila ukiangalia vizuri yale ni majibu ya maswali mawili tofauti. Swali la kwanza: ni muda gani ukipita huwezi tena kutegemea litaisha lenyewe? Swali la pili: ni muda gani ukipita ubongo unaanza kupata madhara ya kudumu? Mwaka 1999 Daniel Lowenstein na wenzake walipendekeza kwamba kwenye matibabu tutumie dakika 5, kwa sababu degedege likishafika hapo uwezekano wa kujizima umeshuka sana. Alafu 2015 shirika la kimataifa la wataalamu wa kifafa, ILAE, likayaweka yote mawili kwenye fasili moja: kwa degedege kubwa la mwili mzima dakika 5 ni mstari wa kuanza kutibu, dakika 30 ni mstari ambao ukivukwa madhara ya muda mrefu yanakuwa hatari ya kweli. Kwa lile la sehemu moja ya ubongo, ambalo mtu anakuwa kama kazubaa au anafanya vitu visivyoeleweka, mistari ni dakika 10 na zaidi ya 60. Kwa lile la kutumbua macho tu na kuganda, mstari wa kwanza ni dakika 10 mpaka 15.

Kwaiyo 5 ni ya kuchukua hatua na 30 ni ya hasara. Anayesubiri ifike 30 anasubiri hasara, na ukiongeza muda wa kupata gari, wa njiani, wa mapokezi, wa kutafuta mshipa, utaona mwenyewe kwa nini hesabu haiwezi kuanzia kule.

Ila sababu kubwa ya haraka, kwa mtazamo wangu, sio hata hiyo 30. Ni kwamba dawa yenyewe inazeeka mkononi. Hiki kitu hakisemwi sana na mi nilivyokielewa ndo nikaacha kuona dakika 5 kama sheria tu ya madaktari.

Seli za ubongo zinaongea kwa kemikali. Kuna za kuchochea, kubwa yao glutameti, na kuna za kutuliza, kubwa yao inaitwa GABA. Kila kemikali ina vipokezi vyake juu ya seli, vidude vidogo vinavyokaa pale nje vinapokea ujumbe. GABA ikigusa vya kwake seli inapoa, glutameti ikigusa vya kwake seli inawaka. Siku za kawaida hivi viwili vinashikana vizuri, hata degedege likitokea upande wa kutuliza unalikaba linakufa. Likichelewa kufa, mambo yanabadilika, na sio kwa masaa, ni ndani ya dakika tu: seli zinaanza kuvivuta ndani vile vipokezi vya GABA, vinatoka nje vinaenda kufichwa ndani ya seli ambako kemikali haivifikii. Wakati huo huo vipokezi vya glutameti, hasa vile vya aina ya NMDA, vinapandishwa juu kwa wingi. Breki zinafunguliwa na mafuta yanaongezwa kwa pamoja. Ndo maana degedege refu linajilisha lenyewe, kila dakika linayoishi inalipa nguvu ya kuishi dakika nyingine.

Na dawa zetu za kwanza je? Dayazepamu, lorazepamu na midazolamu ni familia moja, na zote kazi yao ni kukipa nguvu kipokezi cha GABA kifanye kazi zaidi. Kipokezi kisipokuwepo pale nje dawa itampa nguvu nani? Dozi ile ile ambayo dakika ya 6 ingezima kila kitu, dakika ya 40 inaweza kuingia mwilini ikaishia kumlegeza tu mtu wakati ubongo unaendelea kuungua. Alafu ndugu wanasema "walimchoma sindano haikusaidia, dawa zao feki". Inawezekana dawa ilikuwa nzima kabisa, imekuta milango imefungwa.

Mwilini nako kuna hatua mbili. Mwanzoni mwili unajitahidi, presha inapanda, moyo unakimbia, sukari inapanda, damu inapelekwa kwa wingi kwenye ubongo kulisha seli zinazofyatua umeme kama hazina akili. Ikishaenda kama nusu saa hivi mwili unachoka. Presha inashuka, oksijeni inapungua, sukari inaweza kuanguka, joto linapanda mpaka kiwango cha homa kali hata kama hakuna maambukizi yoyote, misuli iliyokuwa inafanya kazi bila kupumzika inaanza kuvunjika na mabaki yake yanaenda kuziba figo. Unaweza kusema basi tatizo ni misuli na oksijeni, tukituliza mwili mambo yameisha. Mwaka 1973 Brian Meldrum na wenzake walichapisha utafiti wa nyani ambao waliwapooza misuli yote na kuwapumulisha kwa mashine, mwili umetulia kabisa, oksijeni ipo, ila umeme wa degedege kichwani wakauacha uendelee kwa masaa. Seli za ubongo zilikufa bado. Mwili kutulia ulisaidia kiasi, ila umeme wenyewe peke yake unaua. Hii ishike, nitairudia mwishoni.

Kwa ufupi unachofanya pale chini: angalia saa, mtoe kwenye hatari kama moto au maji au ngazi, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza shingoni, mgeuze ubavu ili mate na matapishi yatoke badala ya kurudi kwenye njia ya hewa, kaa naye. Usimshike kwa nguvu, unaweza kumtegua bega na haitalifupisha degedege hata kwa sekunde. Na kijiko, jamani. Mtu hawezi kumeza ulimi wake, umeshikwa chini kule, haumezeki. Ataung'ata pembeni labda, utapona. Jino lililovunjwa na kijiko likaingia kwenye mapafu ni stori nyingine. Usimpe maji wala dawa ya kumeza mpaka azinduke kabisa. Saa ikigonga 5, au likiisha likaanza jingine hajazinduka, hapo ni gari, hakuna mjadala. Na kuna ambao hautakiwi kusubiri hata hizo 5, ni gari moja kwa moja: mjamzito, mwenye kisukari, aliyeangukia kwenye maji au akaumia, ambaye hapumui vizuri baada ya kutulia, na ambaye ndo mara yake ya kwanza maishani.

Wenye historia ya madegedege marefu wanaweza kuandikiwa na daktari dawa ya dharura ya kukaa nayo nyumbani: midazolamu ya kuweka kati ya fizi na shavu au kupuliza puani, au dayazepamu ya kuingiza njia ya haja kubwa. Dozi inaandikwa kwa umri au uzito wa mgonjwa, na aliyeandika ndo anakuonyesha kwa vitendo, sio wa kujifunzia siku hiyo. Kinachofanya watu waiweke kabatini mpaka iishe muda wake ni woga wa kwamba itamzima pumzi. Woga una msingi, hizi dawa kweli zinaweza kupunguza upumuaji, ndo maana haurudii rudii dozi kwa kujiamulia. Ila kuna utafiti ulichapishwa 2001 wa wagonjwa waliotibiwa na wahudumu wa gari la wagonjwa kabla ya kufika hospitali, wengine walipewa lorazepamu, wengine dayazepamu, wengine dawa hewa, yaani isiyo na dawa yoyote ndani, ya kulinganishia tu. Matatizo ya upumuaji na mzunguko wa damu yalitokea kwa kama 10 na ushee kwa kila 100 waliopewa dawa halisi, na kwa 22 na ushee kwa waliopewa dawa hewa. Mara mbili. Yaani kinachokata pumzi zaidi ni degedege lililoachwa.

Kingine cha kushangaza ni kuhusu njia ya kuipa. Unaweza kudhani dawa ya mshipani ndo mfalme, na kweli ikishaingia inafanya kazi haraka kuliko ya msuli. Ila mshipa wa mtu anayetikisika hivyo unaupataje? Mwaka 2012 yakatoka majibu ya utafiti uliolinganisha midazolamu ya kuchoma kwenye paja na lorazepamu ya mshipani, wagonjwa wako njiani kwenda hospitali. Waliofika degedege limeshazima ni 73 kwa 100 kwa sindano ya paja, 63 kwa ile ya mshipani. Dawa inayofanya kazi taratibu kidogo ilishinda kwa sababu iliingia mapema. Ila hapo ni midazolamu, dayazepamu ukiichoma kwenye msuli inanyonywa vibaya na polepole, sio kila sindano inafaa popote. Na kosa linalojirudia hospitalini, tafiti zimelionyesha, ni kupima dozi kwa woga, mgonjwa anapewa nusu, haizimi, anapewa nusu nyingine baadae, na ile milango nayo inazidi kufungwa.

Hospitali wakati hayo yanaendelea watapima sukari kwa tone la damu, na hiki ni cha sekunde tu lakini kinaokoa, maana sukari ikiwa chini hakuna dawa ya kifafa itakayosaidia zaidi ya sukari yenyewe. Dozi mbili za kwanza zikishindwa wanahamia kundi la pili: levetirasetamu, valproeti, fenitoini au ndugu yake fosifenitoini, au fenobabitoni pale nyingine hazipo. Watu walibishana miaka mingi ipi kali kuliko nyingine, mpaka utafiti mkubwa wa 2019 ukalinganisha tatu, levetirasetamu, fosifenitoini na valproeti, zikatoka sare, kila moja ilizima karibu nusu ya wagonjwa. Ukitafakari hiyo nusu utaona tena habari ya saa. Zikigoma hizo nazo, mgonjwa anaenda wodi ya mahututi, analazwa usingizi wa dawa kwa propofoli, midazolamu ya dripu au thiopentoni huku mashine inampumulia. Siku hizi ketamini nayo inaingia sana hapa, na ukikumbuka habari ya vipokezi utaelewa kwa nini: yenyewe haihangaiki na GABA iliyofichwa, inaziba NMDA, ile milango ya mafuta iliyokuwa inaongezeka.

Kwa nini linatokea lakini? Kwa mwenye kifafa tayari, sababu inayoongoza ni dawa kukatika, iwe zimeisha, amesahau, au ameona miezi sita hajaanguka akajiona amepona akaziacha ghafla. Ila wengi wanaopata hali hii hawajawahi kuwa na kifafa kabisa. Ni kiharusi, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, uvimbe, chumvi ya damu kuvurugika, mlevi wa muda mrefu aliyeacha pombe kwa siku moja, au kinga ya mwili kushambulia ubongo. Mbili zina dawa yake tofauti kabisa na usipozijua utapoteza muda: kifafa cha mimba kinatulizwa na magneziamu salfeti, na aliyezidisha dawa ya TB ya isoniazidi anahitaji vitamini B6 kwa wingi, bila hiyo madegedege hayasikii kitu. Na sababu ndo inaamua sana mwisho wake. Kwa watu wazima vifo vinavyotajwa mara nyingi ni karibu 20 kwa 100, kwa watoto kama 3, lakini aliyekatisha dawa zake tu ana nafasi nzuri kuliko yule ambaye ubongo wake ulikosa oksijeni baada ya moyo kusimama.

Sasa nirudi kwa wale nyani. Kama umeme unaweza kuendelea kichwani mwili ukiwa umetulia, basi kuna mgonjwa ambaye ametibiwa, ametulia, kila mtu amefurahi, na bado yumo ndani ya dharura. Inatokea kweli. Kwenye utafiti mmoja wa 1998 wagonjwa ambao mtikisiko ulikuwa umeshazimwa walifungwa waya za kipimo cha umeme wa ubongo, kama mmoja kati ya saba alikutwa bado yuko kwenye stetasi, ila ya kimya. Ukimwangalia utaona mtu amelala. Labda kope inachezacheza, labda kidole, labda macho yamevutwa upande mmoja. Bila kile kipimo huwezi kuwa na uhakika.

Ugumu ni kwamba kulala baada ya degedege ni kawaida. Mtu anachoka, anakoroma, akiamka anauliza yuko wapi, wengine mkono unakuwa dhaifu kwa masaa kama mtu wa kiharusi alafu unarudi wenyewe. Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba anarudi, kidogo kidogo, kila dakika chache yuko bora kuliko mwanzo. Nesi akija kukuuliza lilianza saa ngapi na lilitulia saa ngapi, hajazi fomu tu. Yeye hapo mbele yake ana mtu aliyelala kimya, na bila hizo saa mbili hana namna ya kujua kama usingizi huo una dakika 20 au una saa nzima na ushee na mtu hajafumbua hata jicho.